Vitabu vipya kuhusu Wayahudi na Ukristo: mhubiri wa mtaa aanze na kipi?

Mwinjilisti_wa_Mtaa

Bwana Yesu asifiwe wadau.

Mimi ni mwinjilisti wa mtaa huku Rombo, KKKT, kanisa la Kilutheri. Jumapili nahubiri, Jumatano nina kipindi cha Biblia na akina mama, Jumamosi watoto wa kipaimara. Rafu yangu ya vitabu ni fupi: Union Version, Habari Njema, itifaki ya Biblia iliyotoka jalada, na vitabu vya ufafanuzi vya zamani nilivyorithi kwa aliyenitangulia.

Hivi karibuni tulipata wageni wa usharika rafiki kutoka Ujerumani. Somo lilikuwa Msamaria Mwema, nikahubiri kama tunavyohubiri wote: kuhani na Mlawi walipita kando kwa sababu sheria ya Kiyahudi iliwakataza kugusa maiti, ndipo Yesu akaleta upendo mahali pa sheria. Baada ya ibada, kwenye chai, mama mmoja wa makamo ambaye kwao ni mwalimu wa dini akaniuliza kupitia mkalimani, kwa upole kabisa: "Hilo la maiti umelisoma wapi?" Nikamjibu kwamba hilo linajulikana. Akatabasamu, akasema siku hizi kuna Wayahudi wanaoandika juu ya Agano Jipya, nitafute vitabu vyao. Kabla hajanitajia hata kimoja dereva wao akapiga honi, wakaondoka kuwahi geti la hifadhi.

Sasa swali lake limebaki na mimi. Naomba mnisaidie: kwa mhubiri kama mimi, ni vitabu gani vipya vya Wakristo au vya Wayahudi vinavyoeleza imani hizi mbili vizuri? Kiingereza nasoma, polepole, kamusi ikiwa pembeni. Sitaki vya siasa za Mashariki ya Kati, hizo nazipata redioni. Nataka vitakavyonisaidia kwenye Neno. Mfuko wangu unaruhusu kimoja, labda viwili mpaka Krismasi kama mahindi yatapata bei.

KijanaWaUbungo

Mkuu, tafuta Robert Alter, The Hebrew Bible. Ametafsiri Agano la Kale lote peke yake, juzuu tatu, 2018. Hutajuta.

Mkutubi_NyandaZaJuu

Amina, Mwinjilisti. Mimi ni mkutubi wa chuo kimoja cha theolojia huku Nyanda za Juu Kusini. Sihubiri, sifundishi. Kazi yangu ni kupiga mihuri na kudai vitabu vilivyochelewa, lakini kazi hii inakufundisha kitu: kitabu kikirudi kimejaa penseli kurasa za mwanzo, halafu mbele huko ni safi kama kilivyotoka kiwandani, unajua msomaji aliishia wapi. Kwa hiyo nitakupa majina ya vitabu ambavyo kwetu hurudi na penseli mpaka mwisho.

Anza na Amy-Jill Levine, Short Stories by Jesus, cha 2014. Kuna vipya kuliko hicho na nitavitaja, ila nina hakika ndicho mgeni wako alichokuwa nacho kichwani. Levine ni Myahudi, mwanachama wa sinagogi la Kiorthodoksi, na alifundisha Agano Jipya miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville. Kitabu kinahusu mifano ya Yesu, na Msamaria ana sura yake nzima.

Chukua Biblia yako ufungue Luka 10:31. Kuhani "alishuka kwa njia ile". Yerusalemu iko juu mlimani, Yeriko iko chini ya usawa wa bahari, tofauti yake ni kama mita 1,000. Anayeshuka anatoka Yerusalemu. Yaani kama alikuwa na zamu Hekaluni, ameshaimaliza anarudi nyumbani. Ile hofu ya kunajisika akakosa ibada ingekuwa na maana kama angekuwa anapanda.

Halafu Mlawi. Katazo la kugusa maiti liko Walawi 21, na limeelekezwa kwa makuhani, wana wa Haruni. Mlawi wa kawaida, mtu wa kabila la Lawi asiye wa ukoo wa Haruni, halimhusu. Na hata kwa kuhani halikuwa la mwisho. Mishna, ambayo ni mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilika mnamo mwaka 200, inasema katika Naziri 7:1 kwamba hata kuhani mkuu, ambaye haruhusiwi kujinajisi kwa ajili ya baba yake mzazi, akikuta njiani maiti isiyo na mtu wa kuizika, ataizika. Tena huyu wa Luka hakuwa maiti, alikuwa mahututi, na kuokoa uhai kwa Wayahudi kunatangulia karibu kila amri nyingine. Sasa niambie: hao wawili walikuwa na kisingizio gani cha sheria? Hawana. Sheria yao wenyewe inawahukumu. Luka hasemi neno hata moja kuhusu unajisi katika mfano huu, sisi ndio tumeuingiza.

Levine anaeleza kwamba masikio ya Kiyahudi yalizoea mpangilio: kuhani, Mlawi, Mwisraeli. Ukisikia wawili wa kwanza, unamsubiri wa tatu ambaye ni wewe mwenyewe, mtu wa kawaida, uwe shujaa. Badala yake anatokea Msamaria, adui. Ukishamaliza hapo fungua 2 Nyakati 28:15. Watu wa Samaria wanawavika mateka wa Yuda, wanawapaka mafuta, wanawapandisha dhaifu juu ya punda, wanawafikisha Yeriko. Mafuta, punda, Yeriko. Waliomsikiliza Yesu walikuwa na maandiko hayo tayari. Hubiri hilo Jumapili moja uone kama kuna atakayesinzia.

Kitabu cha pili si cha mfuko wako, ni cha mfuko wa usharika: The Jewish Annotated New Testament. Wahariri ni huyo huyo Levine na Marc Zvi Brettler, Oxford, toleo la kwanza 2011, la pili 2017. Ni Agano Jipya zima na maelezo chini ya kila ukurasa, yote yameandikwa na wasomi Wayahudi, na mwishoni kuna insha kuhusu Mafarisayo, sinagogi, Sabato, chakula na mengineyo. Kinene, lakini hukisomi kama hadithi. Unafungua somo la Jumapili, unasoma ya chini, unafunga. Mshawishi mhazini.

Sasa vipya zaidi. Matthew Thiessen, Mkristo wa Kanada anayefundisha McMaster, alitoa Jesus and the Forces of Death mwaka 2020. Hiki ni kwa ajili ya kipindi chako cha Jumatano. Marko 5, mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Kawaida tunasema Musa alimtenga, Yesu akaja akaivunja sheria. Thiessen anakurudisha Walawi 12 mpaka 15 na kukuonyesha kwamba unajisi wa pale si dhambi. Mama aliyejifungua ana unajisi. Mtoto aliyemzika baba yake ana unajisi. Wote wawili wamefanya jambo jema. Unajisi unatoka kwa mauti na kwa vinavyofanana na mauti, na haupaswi kusogezwa karibu na mahali Mungu anapokaa, basi. Yesu hakuubomoa utaratibu huo: yule mwenye ukoma wa Marko 1 anaambiwa aende kwa kuhani akatoe alivyoamuru Musa. Mariamu na Yusufu katika Luka 2 wanapeleka sadaka ya utakaso, ile ya maskini, ndege wawili. Anachokishambulia Yesu ni chanzo chenyewe: ukoma unaondoka, damu inakauka, binti wa Yairo anainuka. Ndiyo maana ya jina la kitabu. Watakaokichambua vizuri ni akina mama wako, maana mambo ya damu na uzazi wanayajua kuliko mwandishi.

Huyo huyo Thiessen ana A Jewish Paul cha 2023. Chembamba, sura fupi fupi, kimeandikwa kwa watu wa kanisani. Hoja yake ni kwamba Paulo hakuwaambia Wayahudi waache Torati. Ugomvi wa Wagalatia ulihusu watu wa mataifa: je, watahiriwe au wasitahiriwe? Paula Fredriksen anasema jambo linalofanana kwa urefu na kwa ukali zaidi katika Paul: The Pagans' Apostle cha 2017, lakini hicho kisome baadaye, kinadai uwe na historia ya Rumi kidogo.

Nikuongezee kimoja ambacho hakina Yesu ndani yake. Watu wetu wakitaka kuwajua Wayahudi husoma vitabu vya Wakristo kuhusu Wayahudi, au vya Wayahudi kuhusu Yesu. Soma walau kimoja cha Myahudi anayeeleza imani yake mwenyewe kwa watu wake mwenyewe. Kipya na kizuri ni Judaism Is About Love cha Rabi Shai Held wa taasisi ya Hadar, New York, 2024. Anaanza kwa kuikataa ile kauli kwamba Uyahudi ni sheria na Ukristo ni upendo, na anawalaumu hata Wayahudi wenzake walioimeza. Anapita Kumbukumbu 6:5, umpende Bwana Mungu wako. Walawi 19:18, umpende jirani yako. Walawi 19:34, umpende mgeni kama nafsi yako. Anaongea juu ya neema pia: kuumbwa kwenyewe ni zawadi, hakuna aliyefanya kazi akastahili kuzaliwa. Mlutheri akifika hapo anakaa sawa kwenye kiti.

Nawe KijanaWaUbungo, Alter ni bingwa, sikatai. Ila juzuu zake zina kurasa zaidi ya 3,000 na uzuri wake uko katika Kiingereza chake. Mtu anayesoma na kamusi pembeni atalipa pesa nyingi apate nusu ya utamu. Hali kadhalika Reading Genesis ya Marilynne Robinson, 2024. Mwandishi wa riwaya, Mkalvini, anasoma Mwanzo kwa jicho la msimuliaji, anaandika vizuri mno. Lakini kitabu kizima ni insha moja ndefu isiyo na sura. Umeme ukikatika hujui uliishia wapi.

Sr_wa_Kanda_ya_Ziwa

Tumsifu Yesu Kristo. Niongezee upande wetu Wakatoliki. Msingi wa haya kwetu ni Nostra Aetate, namba 4, tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la tarehe 28 Oktoba 1965: Wayahudi wote hawawezi kubebeshwa lawama ya kifo cha Kristo, wala kuonyeshwa kana kwamba Mungu amewatupa. Mwaka 2015, ilipotimia miaka 50, Vatikano ilitoa hati nyingine iliyochukua jina lake katika Warumi 11:29, kwamba karama na mwito wa Mungu havina majuto. Zote zinasomeka bure kwenye tovuti ya Vatikano. Na huyo Levine anayetajwa na Mama Mkutubi, mwaka 2019 alifundisha Roma katika Taasisi ya Kipapa ya Biblia, Myahudi wa kwanza kufundisha somo la Agano Jipya pale.

Katika jumuiya yetu ya kitawa tulisoma hicho cha mifano mezani, msomaji mmoja anasoma wengine wanakula kimya. Kwenye mwana mpotevu ukimya uliisha.

MotoWaMadhabahu

Wapendwa, kuweni macho. Petro alikuwa mvuvi, hakusoma Oxford. Mtu asiyemkiri Yesu atanifundisha nini juu ya Injili? Sisi kanisani kwetu Israeli tunaiheshimu: tunapiga shofar, mtumishi anavaa tallit, na kila Ijumaa tunafunga na kuiombea. Inatosha. Vitabu vya wasomi vinapoza moto.

Mkutubi_NyandaZaJuu

Mpendwa, unapiga baragumu lao, unavaa shela lao la sala, unafunga kwa ajili yao kila Ijumaa, na kusikia wanasema nini hutaki? Mimi hapo sielewi.

Petro alikuwa mvuvi, kweli. Paulo alikuwa gerezani, baridi inakuja, anamwandikia Timotheo amletee vitu viwili: joho aliloliacha kwa Karpo kule Troa, "na vile vitabu, hasa vile vya ngozi". 2 Timotheo 4:13. Moto wake haukupoa.

Na sisi Walutheri tuna sababu yetu ya ziada, Mwinjilisti, ambayo vyuoni inatajwa haraka haraka kabla kengele haijalia. Mwaka 1523 Martin Luther aliandika kwamba Yesu Kristo alizaliwa Myahudi, kwa lugha ya kirafiki. Mwaka 1543, mzee na mgonjwa, akaandika kitabu kingine cha kushauri sinagogi zichomwe moto, nyumba zao zibomolewe, vitabu vyao vya sala vichukuliwe. Karne ya 20 Wanazi walikichapisha tena na kukitumia. Kanisa la Kilutheri la Marekani, ELCA, liliyakana maandiko hayo hadharani mwaka 1994. Vitabu ninavyokutajia vimezaliwa katika kivuli hicho. Baada ya mauaji ya Wayahudi Ulaya, wasomi Wakristo walianza kuuliza: je, picha tuliyochora ya Farisayo ilitoka wapi? E. P. Sanders akaja na Paul and Palestinian Judaism mwaka 1977, akasoma maandishi ya Kiyahudi ya zama zile yenyewe, akakuta kwamba kwao Mungu anachagua kwanza, kwa neema, na kushika sheria ni kuitikia, si kununua. Unaweza kubishana na Sanders, wengi wamebishana naye mpaka alipofariki mwaka 2022, lakini hakuna aliyeandika juu ya Paulo baada yake akajifanya hajamsikia.

Kumkiri Yesu ni jambo la imani. Kujua kama Mlawi alikatazwa kugusa maiti ni jambo la kufungua kitabu.

WaMbale

Samahani wakubwa, nawasikiliza kutoka Uganda. Mnaongea kana kwamba Wayahudi wako New York na Yerusalemu peke yake. Mimi ni Mgisu wa Mbale, Mkristo wa Church of Uganda, na nimesoma sekondari na watoto wa Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Wako hapa hapa, kilima cha Nabugoye na vijiji vingine.

Historia yao ni ya kitabu. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza kuteka mashariki ya Uganda, alikosana nao, akawa anasoma Biblia yake ya Kiluganda mwenyewe. Akaingia kwanza kwa Wamalaki, wale waliokataa dawa za hospitali. Mwaka 1919 akafika kwenye tohara, wenzake wakamwambia hiyo ni ya Wayahudi, akasema basi sisi ni Wayahudi. Akatahiriwa yeye na wanawe. Hakuwa amefundishwa na rabi yeyote. Kusoma tu. Alifariki 1928, watu wake wakaendelea. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao wengi waliacha, waliobaki walisali kwa kujificha.

Rabi wao, Gershom Sizomu, alisomea Los Angeles akapata daraja mwaka 2008. Ijumaa jioni ukipita pale utasikia zaburi kwa Kiluganda na gitaa. Nyimbo zao zilirekodiwa, Smithsonian Folkways ilizitoa mwaka 2003. Na mwaka 2004 walianzisha ushirika wa kahawa pamoja na Wakristo na Waislamu, unaitwa Mirembe Kawomera. Mjomba wangu amewauzia kahawa yake, na kwenye mizani hakuna anayeulizwa anasali siku gani.

Kwa hiyo Mwinjilisti, kitabu nunua, lakini Rombo mpaka Mbale ni mabasi mawili matatu tu.

Mkutubi_NyandaZaJuu

WaMbale, asante sana. Wanafunzi wetu wanaandika tasnifu juu ya Uyahudi bila kujua kwamba wana majirani. Nitaibandika hii ubaoni.

Msabato_Musoma

Mama Mkutubi, shikamoo. Mimi ni Msabato, nimefuata uzi kimya kimya. Kuna kitabu kipya cha Kiyahudi kuhusu Sabato? Sisi tunaitunza, ila nikiulizwa na vijana "tukishatoka kanisani tufanye nini mpaka jua lizame" najikuta nawapa orodha ya makatazo.

Mkutubi_NyandaZaJuu

Marahaba mwanangu. Kipya kipo: Jon Levenson wa Harvard, Israel's Day of Light and Joy, 2024. Anaanzia mbali, asili ya juma la siku saba, Mwanzo, Kutoka, marabi, hadi leo. Ni cha mtu mwenye subira.

Lakini kwa swali la vijana wako nakurudisha nyuma, kwa Abraham Joshua Heschel, The Sabbath, 1951. Kingali kinachapishwa. Unakimaliza Sabato moja alasiri. Heschel alizaliwa Warszawa mwaka 1907, Wanazi waliua mama yake na dada zake, yeye akanusurika akafika Marekani, na mwaka 1965 aliandamana Selma na Martin Luther King. Hoja yake ni kwamba Torati haianzi kwa kutakasa mahali. Kitu cha kwanza kuitwa kitakatifu katika Biblia ni siku, Mwanzo 2:3. Kabla ya mlima wowote, kabla ya hema. Kwa hiyo wiki nzima mtu anahangaika na vitu na nafasi, siku ya saba anaingia katika jumba lililojengwa ndani ya wakati. Toleo lake lina michoro iliyochongwa kwenye mbao na Ilya Schor, iangalie pia, usiiruke.

Na kuhusu makatazo usiyaonee haya. Mishna, Shabati 7:2, inataja aina 39 za kazi: kupanda, kulima, kuvuna, kufunga miganda, kupura, kupepeta, inaendelea hivyo mpaka mkate. Marabi waliziunganisha na kazi za kujenga hema la kukutania. Maana yake hata ujenzi wa nyumba ya Mungu unasimama siku hiyo. Hapo vijana wana kitu cha kujadili. Halafu waambie nyumba ya Kiyahudi inavyoipokea Ijumaa: mama anawasha mishumaa kabla jua halijazama, mezani mikate miwili kwa ukumbusho wa mana maradufu ya siku ya sita, divai inabarikiwa, wazazi wanawabariki watoto wao. Orodha ya makatazo inakaa ndani ya karamu hiyo.

Mishna yote na Talmudi, ile mijadala ya marabi juu ya Mishna, utazipata bure kwenye tovuti ya Sefaria, Kiebrania upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na ina programu ya simu. Mwinjilisti, hili linakuhusu pia: ile Naziri 7:1 kaisome mwenyewe leo usiku, haihitaji pesa, inahitaji bando tu. Kisha tafuta mabishano ya Rabi Akiva na Ben Azzai. Akiva anasema kanuni kuu ya Torati ni "umpende jirani yako". Ben Azzai anasema hapana, kuna kubwa kuliko hiyo, Mwanzo 5:1, kwamba mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Marabi wakayaandika majibu yote mawili.

Mwinjilisti_wa_Mtaa

Nashukuru wote, na Mama shikamoo. Nimesoma ile ya Naziri kwenye simu. Iko kama ulivyosema. Nimekwenda na 2 Nyakati 28 kwenye kipindi cha Jumatano. Mama mmoja mzee akasema miaka yote anasikia Msamaria na hajawahi kusikia kwamba Wasamaria wengine walishafanya hivyo hivyo kabla yake. Wakanilazimisha tusome sura nzima. Mpaka kwenye mfalme Ahazi kutoa wanawe kafara, ambako sikuwa nimejiandaa.

Nimeamua: cha kwanza Levine wa mifano, cha pili Thiessen wa mwaka 2020. Held nitamwacha mpaka mwakani. Je, chuo chenu kinaazimisha kwa posta? Na MotoWaMadhabahu, sijakasirika, karibu Rombo tuombe pamoja.

Mkutubi_NyandaZaJuu

Marahaba. Haturuhusiwi kuazimisha nje ya chuo. Ukija unasoma ndani bila malipo, tuna meza na chai ya rangi, ila najua ni mbali. Fanya hivi: wainjilisti wa jimbo lenu mko wengi, na kila mmoja anahubiri Luka ile ile kwa kalenda ile ile. Changeni, mnunue nakala moja ya Levine, kila mtu akae nayo wiki tatu, andikeni majina kwenye karatasi ndani ya jalada la nyuma. Weka mtu mmoja mkali wa kuidai. Usiwe wewe, wewe mpole. Tafuta mtu kama mimi.

Ukiagiza cha karatasi kutoka nje, agiza viwili kwa mpigo, maana nauli ya kimoja inaweza kupita bei ya kitabu. Ukiwa na kadi ya mtandaoni ya benki au ya simu, cha kielektroniki kinafika dakika hiyo hiyo na ni nafuu, na kamusi iko ndani: unagusa neno, linajieleza. Kwa msomaji wa polepole hiyo ni faida kubwa. Ila hicho hakiazimiki, na akina mama hawatakishika mkononi.

KijanaWaUbungo

Mama Mkutubi, na mimi nipatie vya Ufunuo basi. Ile namba 666.

Mkutubi_NyandaZaJuu

Fungua uzi wake. Huu nimeupenda ulivyo.